Mnunuzi Asome Nini Kwanza Kwenye Kifungashio Chako?

Vifungashio vingi vinavyoletwa kwetu virekebishwe vina kasoro ileile: upande wa mbele umebebeshwa kila kitu. Kuna nembo kubwa, kaulimbiu, picha tatu, "asilia", "bora", "mpya", namba ya simu na alama za mitandao ya kijamii. Neno linalosema ndani kuna nini limebanwa pembeni kwa herufi ndogo. Mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu halitafuti neno hilo. Asipojua upesi kama ni shampuu au losheni, mkono unakwenda kwenye bidhaa ya jirani.

Mbele pajibu maswali manne kwa mpangilio huu: hii ni nini, ni ya aina gani, ni kiasi gani, ni ya nani. Wenye biashara wengi huanza na la mwisho, na tunawaelewa, maana jina ni lao. Lakini jina ambalo halijazoeleka halimwambii mtu chochote, kwa hiyo "Sabuni ya Maji ya Kuoshea Vyombo" iandikwe kubwa kuliko nembo. Ongeza sifa moja tu, tena iwe ya kweli na inayopimika: "haina manukato" inamsaidia mtu kuamua, "bora zaidi" haimsaidii. Namba ya simu na mitandao vihamie nyuma.

Kama una aina kadhaa za bidhaa moja, usizitenganishe kwa rangi peke yake. Wapo watu, wengi wao wanaume, wasiotofautisha vizuri nyekundu na kijani, na taa za dukani nazo hubadilisha rangi. Weka rangi, halafu andika "Nywele Kavu" au "Nywele za Mafuta" mahali palepale kwenye kila chupa, ili jicho lisianze kutafuta upya.

Ukubwa wa herufi usiupime kwa pointi pekee. Pointi moja ni kama milimita 0.35, ila fonti mbili zenye pointi 8 zinaweza kutofautiana sana zikichapwa. Chukua rula upime urefu wa herufi "x" ndogo kwenye karatasi iliyochapwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu vyakula inataka maelezo ya lazima yasipungue milimita 1.2 kwa kipimo hicho, au 0.9 ikiwa upande mkubwa wa kifungashio haufiki sentimita za mraba 80. Hata kama huuzi chakula wala huuzi Ulaya, 1.2 ni sakafu nzuri. Kanuni za nchi unakouzia zisome kabla ya kuchapa.

Maandishi meupe juu ya rangi nzito ndiyo yanayoharibika zaidi, na kwenye kompyuta huwezi kuliona tatizo. Rangi nyingi huchapwa kwa wino nne, mmoja baada ya mwingine. Karatasi ikisogea hata sehemu ndogo ya milimita, mistari myembamba ya herufi inazibwa na wino wa pembeni. Tumia herufi nene, zisizo na vimikia (vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi), pointi 8 na kuendelea. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake, yasichanganywe na wino wa rangi, la sivyo yatakuwa na kivuli. Kwenye plastiki inayoonyesha ndani au karatasi ya kahawia, omba wino mweupe utangulie chini. Bila huo, njano yako itazama.

Chupa ya mviringo ina mtego wake. Yenye kipenyo cha milimita 65 ina mzunguko wa takriban 204, lakini kinachosomeka bila kuizungusha ni kama theluthi moja, yaani milimita 68. Jina la bidhaa liishie humo.

Msimbopau wa EAN-13, yaani ule wa tarakimu 13 unaosomwa na mashine dukani, kwa ukubwa wa kawaida ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Nafasi tupu hizo si mapambo: ukiweka mstari au picha ndani yake, mashine haijui msimbo unaanzia wapi. Mistari isiwe myekundu, kwa kuwa skana nyingi humulika mwanga mwekundu na mistari hiyo hutoweka machoni mwake. Nyeusi juu ya nyeupe haina ubishi. Kwenye chupa nyembamba, ulaze msimbo ili mistari ipangike kama vipago vya ngazi. Na sehemu ya kugongea tarehe ya mwisho wa matumizi iachwe bila vanishi, la sivyo wino wa tarehe utafutika kwa kidole.

Kabla ya kuidhinisha, chapa lebo kwa ukubwa wake halisi, ibandike, iweke katikati ya bidhaa za washindani, kisha simama mita 2 mbali. Mwonyeshe mtu asiyeijua kwa sekunde 3, ifunike, umuulize ameona nini. Akijibu "kitu cha kijani", rudi kwenye jina la bidhaa. Usimuulize kama ni nzuri, atasema nzuri.

Faili la kuchapia liwe na picha za dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ukubwa halisi, na rangi ya usuli ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3. Maandishi yakae angalau milimita 3 ndani ya mstari huo. Pamoja na faili, tuletee chupa au mfuko wenyewe ukiwa umejazwa. Mfuko wa kusimama ukishajaa hutuna katikati na kukunjika chini, na mara nyingi ni hapo chini ambapo uzito wa bidhaa umeandikwa.