Usitume hiyo laki tatu

Shoga yangu Mwana,

Vipi, mzima? Mama goti linaendeleaje? Mi nipo, joto tu ndo linatumaliza huku.

Nimeisoma meseji yako eti kuna jamaa wa kuchapisha vitabu kakwambia utume laki tatu ndo riwaya yako itoke. Mwana usitume! Mi yalishanikuta nikanyamaza kwa aibu, nililipa nusu, nikaambiwa kitabu kiko mashineni, ikapita miezi minne mpaka namba ikawa haipatikani, na ujinga wangu nilimkabidhi daftari lenyewe, kopi sina. Ile hadithi nimejaribu kuiandika upya mara mbili, haiji.

Ndo maana siku hizi kila kitu naandikia Google Docs, ile programu ya kuandikia inayohifadhi kazi mtandaoni, kwenye simu, bure, hata simu ikiibiwa unaingia na akaunti yako kwa simu ya mtu unaikuta kazi yako ipo palepale. Ila kwanza zima ile autokarekti, la sivyo kila "sana" itageuzwa "Santa". Halafu vidole vikichoka gusa kale kamaiki kwenye kibodi, chagua Kiswahili, ongea. Mi wahusika wangu wanagombana huku nakoroga uji na maneno yanatoka ya moto kuliko nikitaipu, sema nukta na mkato utaweka mwenyewe baadae. Juzi kila nikitaja Mama Salha inaandika mama salama, nikaona mbona jina tamu, nimemwachia.

Sasa ya hela. Tuzo ya kweli mwandishi ndo analipwa, halipi yeye. Kuna ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iko chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, 2023 mshindi wa kwanza alipata milioni 10. Na kuna ya Safal-Cornell, zamani Mabati-Cornell, ipo toka 2014, hiyo ni ya Kiswahili tupu na wanapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Masharti yasome kwenye tovuti zao wenyewe, usisome ya kuforwadiwa kwenye magrupu, na uangalie tarehe maana watu wanasambaza matangazo ya mwaka juzi.

Kale kahadithi ka kuku ulikomtungia mwanao usikatupe. Ingia tovuti ya African Storybook, kuna hadithi kibao za watoto za Kiswahili, bure, utaona ukurasa mmoja sentensi moja au mbili na picha, basi, na unaweza kutengeneza yako humohumo. We yako ina aya nzima kuku anawaza tu, mtoto atalala.

Jumapili nitumie linki ya sura ya kwanza, nitakusomea kwa voisi noti usikie mwenyewe panapokwama. Na safari hii uniwekee ruhusa ya kukomenti, ile mara ya mwisho nilishinda naangalia ukurasa unaniambia niombe ruhusa na we umezima data.

Wako,
Rehema