Alhamisi jioni, Mathayo 26 na Marko 14

Bwana asifiwe wapendwa, Alhamisi tuko palepale Nsambya saa 12 jioni, wa Kireka tafuteni teksi mapema maana jamu ya kuingia mjini mnaijua. Mi tangu juzi nimekwama kwa Yuda, si hata zile fedha 30, ni lile busu, yaani alama ya upendo ndo inatumika kuonyesha wa kukamatwa na Yesu bado anamuita rafiki! Halafu wote wanakimbia, kuna kijana mpaka aliacha shuka lake mikononi mwa waliomshika akatoroka uchi. Yesu habanduki, na njia ya kutoka alikuwa nayo.

Namfikiria sana Mbaga Tuzinde, mmoja wa mashahidi wa Uganda, wale Wakristo waliouawa kwa imani yao Namugongo, 1886. Mukajanga, mkuu wa wauaji, ndo alikuwa baba yake wa kumlea, akambembeleza sana aiache imani apone, kijana akakataa. Baba analia, mtoto anakataa. Hapo ndo nataka tukae.

Aliyewahi kuachwa na watu wake mwenyewe aje aongee, hatutamkatiza. Akina mama wa chai ongezeni vikombe, vya mwezi jana havikutosha.