Soma karatasi ya hisa kabla ya kushangilia mshahara

Ndugu Mhariri,

Kijana wetu akipata kazi Google, Amazon au Microsoft, mitandaoni husambaa namba moja nene ya dola, na watu huigawa kwa 12 wakidhani ndio mshahara wa mwezi. Sivyo. Ndani yake mna mshahara, bonasi na hisa, na hisa ndizo zinazowaponza wengi.

Tuseme ameahidiwa hisa za dola 80,000 kwa miaka minne. Kwa utaratibu wa kampuni nyingi, ingawa si zote, hapati hata moja mpaka atimize miezi 12; akiondoka mwezi wa 11, anatoka mikono mitupu. Akitimiza mwaka hukabidhiwa robo, kisha zilizobaki huja kidogo kidogo, mara nyingi kila miezi mitatu. Amazon kwa miaka mingi iligawa kwa namna yake: asilimia 5 mwaka wa kwanza, 15 wa pili, 40 wa tatu na 40 wa nne, ikiziba pengo la mwanzo kwa fedha taslimu. Tena dola hizo hugeuzwa mwanzoni kuwa idadi ya hisa, na baadaye thamani yake hufuata bei ya soko. Mwaka 2022 hisa ya Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipoteza zaidi ya nusu ya bei yake, na mapato ya wafanyakazi yakashuka nayo.

Halafu kodi. Thamani ya hisa siku ya kukabidhiwa huhesabiwa kuwa kipato. Marekani, mwajiri kwa kawaida hukata asilimia 22 ya kodi ya serikali kuu, ilhali mwenye kipato kikubwa hudaiwa zaidi. Salio humkuta Aprili, wakati wa kukamilisha hesabu za kodi. Asiyeuza mapema, bei ikaporomoka, analipia pesa asizokuwa nazo tena.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, si pesa. Kila badiliko la msimbo wa programu husomwa na mwenzako kabla ya kuingia kwenye mfumo, na kukosolewa huko kila siku ni shule. Ila zana nyingi ni za ndani: aliyezoea Borg, mfumo wa ndani wa Google wa kuendesha programu kwenye kompyuta nyingi, akitoka anaikuta dunia kwenye Kubernetes, mfumo wa wazi wa kazi kama hiyo.

Usalama wa kazi nao usitiwe chumvi. Januari 2023 Google ilitangaza kupunguza watu wapatao 12,000. Aliyeko Marekani kwa viza ya kazi ya H-1B, akiachishwa, ana siku zisizozidi 60 kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi ya viza au kufunga virago.

Walioko Nairobi waangalie jina la mwajiri kwenye mkataba. Wengi wanaochuja maudhui ya mitandaoni kwa niaba ya kampuni kubwa za teknolojia huajiriwa na kampuni ya wakala, na huko kwa kawaida hisa za kampuni hizo kubwa hazimo.

Mhandisi wa programu,
Dar es Salaam