Shukrani kwa mama wa Kuala Lumpur

Mama, jina lako silijui, lakini shukrani hizi nazitoa hadharani.

Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa wapita njia tu, tukisubiri ndege ya kurudi Dar es Salaam. Mvua ya alasiri ilitukuta kituo cha treni cha Masjid Jamek. Ukamfunika mama kwa mwavuli wako, wewe ukalowa, ukatufikisha msikitini, pale mito ya Klang na Gombak inapokutana. Ukatuambia msikiti huo umesimama tangu 1909, kisha ukamsubiri mama aswali bila kumharakisha.

Mvua ilipokatika ukatupeleka Jalan Tun H.S. Lee. Mtaa ule sitausahau: hekalu la Wahindu la Sri Mahamariamman, mnara wake umejaa sanamu za rangi, na ng'ambo ya barabara hekalu la Wachina la Guan Di likifuka moshi wa udi. Muuza mashada ya maua ulimsalimia kwa Kitamil, mwenye duka jirani kwa Kichina, nasi kwa Kiingereza cha taratibu ili mama aelewe. Minara ya Petronas, yale maghorofa pacha marefu ya jiji, tuliiona kwa mbali, ikatosha.

Ukatununulia na teh tarik, chai ya maziwa inayomiminwa kutoka juu mpaka itoe povu. Pesa yetu ukaikataa katakata.

Mama anakusalimu sana, na kila baada ya swala anakutaja. Terima kasih, yaani asante kwa Kimalei, mama yetu. Mungu akulipe kheri, wewe na watoto wako.