Filamu za kutisha zimemficha mhalifu halisi

Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu za kutisha na unyanyasaji wa wasichana mitandaoni imeitaja Unfriended ya mwaka 2014, ambayo wengi huihusisha na kisa cha Amanda Todd wa Kanada. Ulinganisho huo unapotosha. Katika filamu, mzimu wa marehemu unawaadhibu marafiki zake wa shule mmoja baada ya mwingine. Amanda, aliyefariki Oktoba 2012 akiwa na miaka 15, alidhihakiwa na wenzake kweli, lakini aliyemtisha kwa kutumia picha yake ya faragha alikuwa mwanamume mtu mzima aliyeishi Uholanzi. Mahakama ya Kanada ilimhukumu miaka 13 jela mwaka 2022. Mzimu usingechukua miaka kumi.

Napendekeza kila uhakiki wa filamu hizi uambatane na maelezo ya kujikinga. Anayetishwa kwa picha zake za faragha asilipe wala asitume picha nyingine, kwani anayetii mara moja hudaiwa zaidi. Kabla ya kuizuia akaunti husika, ahifadhi jumbe, jina la akaunti, anwani ya ukurasa, tarehe na saa. Wanaofuta kila kitu kwa aibu huwaacha polisi bila pa kuanzia. Picha yenyewe asiisambaze, hata kwa nia ya kutoa ushahidi. Kwa picha za walio chini ya miaka 18, huduma ya bure ya Take It Down hutengeneza alama ya kidijitali ndani ya simu, na majukwaa yanayoshiriki huitumia kuitafuta picha na kuiondoa. Huduma hiyo haifiki kwenye jumbe zilizosimbwa, yaani zinazosomeka na mtumaji na mpokeaji pekee, na hilo nalo mliandike.