Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa wakimbiaji wenzangu wa mbio ndefu

Ndugu zangu wakimbiaji, heri ya Krismasi na heri ya Mwaka Mpya wa 2026. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha mwisho wa mwaka, tuliomaliza mbio na tulioishia njiani, wenye medali mpya na wenye goti lililofungwa bandeji. Wagonjwa awaponye, wafiwa awafariji, na wenye nia ya kuanza awatie nguvu.

Mwaka haukuwa mwepesi. Viatu vimepanda bei, ada za kushiriki nazo zimepanda, na kwa sisi tunaokimbia kwa mapenzi tu, bila zawadi yoyote ya fedha kutungoja mbele, hesabu zimekuwa ngumu. Hilo tungelistahimili. Kilichotuelemea sisi wa kundi la alfajiri ni msiba. Tumempoteza mzee wetu, aliyetufundisha wengi kukimbia kilomita zaidi ya kumi bila kuumia.

Hakuwa na kasi. Alichokuwa nacho ni kujizuia, na kwenye marathoni hicho ni kipaji kikubwa kuliko miguu mirefu. Mlio wa kuanzia ukilia, watu wanachomoka, yeye anashika mwendo wake pembeni ya barabara, na ukijaribu kumtangulia anakwambia, "Bado." Kilomita ya kumi, bado. Ya ishirini, bado. Kwenye kituo cha maji hakuwa na papara. Alichukua kikombe cha karatasi, akakibana mdomo mpaka ukabaki upenyo mdogo tu, akapiga mafunda mawili matatu huku anatembea, akakitupa kwenye pipa, ndipo akaanza tena kukimbia. Vijana walikuwa wanampita pale kwa makundi. Baada ya kilomita ya thelathini tulikuwa tunawakuta mmoja mmoja, mikono kiunoni, misuli ya paja imekaza, wengine wamekaa kabisa ukingoni mwa barabara. Aliwapa pole kila mmoja, na hakumsimanga hata mmoja.

Anayejua mbio hizi anajua sababu. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hauwatoshi wengi wetu kufika mbali zaidi ya kilomita thelathini na kidogo, na ukianza kwa kasi isiyo yako unauchoma mapema zaidi. Kilomita 42.195 za marathoni hazidanganyiki.

Mapema mwaka huu alianza kusema anachoka. Tukamwambia apumzike, akapumzika. Aliporudi, mapigo ya moyo ya asubuhi kabla hajatoka kitandani yalikuwa bado juu kuliko kawaida yake, na kile kilima alichokuwa anakipanda huku anazungumza kikawa kinamsimamisha katikati. Alipofika kwa daktari ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali. Mungu amlaze mahali pema.

Mazishini sikulia. Nililia tarehe 15 Septemba, mbele ya skrini, siku Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo. Joto lilikuwa kali na unyevu mwingi, naye alikimbia ndani ya kundi kwa muda mrefu bila kujionyesha. Wakaingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani yuko mbele, na Simbu akamfikia kwenye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Mzee wetu alikuwa ameishi kwa mbio za namna ile, na hakuiona. Nasema hili kwa sababu bado linaniuma, na sioni haya.

Ndugu zangu, niruhusuni niseme machache tunapofunga mwaka. Uchovu usioisha baada ya mapumziko si uvivu. Nenda ukapimwe, na uende mapema. Usikimbie ukiwa na homa. Usimeze dawa za maumivu ili upate kusimama kwenye mstari wa kuanzia, kwa maana baadhi ya dawa hizo, mwili ukiwa umepungukiwa maji, huumiza figo. Na maji yenyewe unywe kwa kiu, usinywe kwa hofu, kwa sababu maji yakizidi mno chumvi ya damu hushuka, na wako waliopoteza maisha hivyo. Usiongeze kilomita kwa pupa kwa kuwa jirani yako ameongeza. Mwili huu tumepewa amana, hatukuununua, na hakuna medali inayostahili kulipiwa kwa uhai wa mzazi wa watoto.

Na tuwaheshimu wanaochelewa. John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, kwenye marathoni ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968, alianguka akaumia goti, akaendelea mpaka uwanjani huku amefungwa bandeji. Alifika zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na kati ya 57 waliomaliza yeye ndiye wa mwisho. Leo wangapi wanamkumbuka aliyeshika nafasi ya nne? Jamani, tusikimbilie kuondoka tukishavishwa medali zetu. Tubaki tuwashangilie wale wanaokuja wakitembea, maana wao wamekaa juani muda mrefu kuliko sisi. Na waandaaji, nawaomba kwa heshima, msizime saa wala kufungasha vituo vya maji wakati watu bado wako barabarani.

Binti yake mzee wetu amejiandikisha kukimbia nusu marathoni mwakani, ya kwanza maishani mwake. Ameniomba nikimbie naye, nami nimekubali kwa moyo wote. Tutaanza mazoezi Jumamosi ya kwanza ya Januari, mwendo wa kuzungumza, hakuna kuangalia saa.

Basi nawatakia sikukuu njema, afya, amani na baraka tele ninyi na familia zenu. Atakayependa kuungana nasi Jumamosi hiyo anakaribishwa sana. Aje amelala vya kutosha, na viatu asivae vipya.