Harambee ya Kiwanja: Safari Hii Hatuombi Jezi

Assalamu alaykum wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu, mliopo hapa kijijini Pemba na nyinyi mliotawanyika Unguja, Kariakoo, Tanga, Mombasa, Maskati na Uingereza.

Kamati ya michezo ya shehia inabisha hodi tena. Safari hii hatuombi jezi wala mipira. Jezi tunazo, nyengine hata hazijatolewa kwenye mifuko, maana kila anayetaka kura hutuletea seti moja na mpiga picha wake. Tunaomba ukuta wa upande wa barabarani, vyoo viwili, chumba cha kubadilishia nguo na tangi la maji. Tunajua ombi hili halina mvuto. Hakuna anayependa kupigwa picha mbele ya choo.

Mliohama zamani, kiwanja kipo pale pale, nyuma ya skuli, njia ya Konde. Magoli bado ni ya boriti, na nyavu ni jarife kuukuu tulilopewa na wavuvi, lenye matundu ambayo mpira wa watoto wadogo unapita ukatokea upande wa pili, ugomvi ukaanza kama lilikuwa goli au halikuwa. Msimu wa karafuu nusu ya kiwanja hutandikwa majamvi, mchezo ukahamia nusu iliyobaki, na anayepiga mpira ukaangukia kwenye karafuu za watu huziokota mwenyewe, moja moja, mwenye jamvi akiwa amemsimamia. Hilo hatulilalamikii. Kwetu sisi karafuu ndiyo iliyosomesha, ndiyo iliyojenga msikiti, na michango mingi ya kiwanja hiki imetoka huko huko.

Siku ya mtoto wa Pemba mnaijua. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Qur'ani, na baada ya sala ya alasiri hadi adhana ya magharibi ndipo anapopata nafasi yake. Ni muda mfupi, lakini ndio muda ambao mzazi hajui mtoto yuko wapi. Yupo anayekaa maskani kusikiliza maneno ya wakubwa, yupo anayeteremka pwani peke yake, na yupo anayeitwa na mtu asiyemjua vizuri akashike kitu kidogo tu.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mpira unatibu unga, yaani dawa za kulevya. Kijana akishaingia huko anahitaji tabibu, soba hausi na subira kubwa ya nyumbani kwao. Tunalolijua sisi ni dogo zaidi, na tunalo ushahidi wake kila wiki. Mtoto anayekuja kiwanjani ana mtu mzima wa pili anayemtazama. Asipoonekana siku mbili, kocha anauliza. Akija na macho mekundu, kocha anauliza. Akiwa hakwenda chuoni, hachezi siku hiyo hata kama ndiye mfungaji wetu, na kuna mechi tumefungwa kwa sababu ya sharti hilo. Makocha hawa hawalipwi kitu. Mmoja ni mwalimu wa skuli, mwengine ni fundi baiskeli, na anayewafundisha watoto wa kike ni mwalimu pia, mwenye watoto wake nyumbani wanaomsubiri.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Hadi darasa la tano, watoto wetu wa kike wanacheza nage na mpira wa pete mpaka sauti zinasikika msikitini. Wakifika kidato cha kwanza, uwanja unawapungukia. Si kwamba wamechoka na mchezo. Njooni siku moja muone wanavyobadilisha nguo: msichana anasimama nyuma ya mwembe, wenzake watatu wanamzungushia kanga, wa nne analinda upande wa barabara na kupiga mluzi bodaboda ikikaribia. Wakimaliza kumstiri huyo, zamu ya mwengine. Mpaka wote wavae, jua limeshashuka. Haja ikimbana mmoja, anakimbilia nyumba ya bibi aliye jirani na kiwanja, ambaye Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa ukarimu wake. Bibi akiwa kaenda matanga, msichana anarudi kwao, na mara nyingi siku hiyo harudi tena kiwanjani. Zile siku zake za mwezi ndiyo haji kabisa. Ukikosa wiki nzima kila mwezi, kikosini hupangwi. Usipopangwa, unaacha.

Halafu kuna barabara. Kiwanja kiko wazi kabisa upande huo, na wapo vijana wanaosimamisha vyombo vyao kwa makusudi kuja kutoa maneno. Wazazi waliowaondoa mabinti zao tuliwafuata majumbani. Wachache sana walisema hawataki mchezo. Wengi walisema hawataki binti yao atazamwe na kila apitaye, na kwa kweli hatukuwa na la kuwajibu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kwa siku. Utafiti wa shirika hilo uliotoka mwaka 2019 ulionesha kwamba duniani kote vijana 4 katika kila 5 wenye umri wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho, na wasichana wako nyuma ya wavulana. Wataalamu wametaja sababu nyingi. Kwetu hapa tunaweza kuanza na mlango mmoja wenye komeo.

Wapo wazee waliotuuliza, kwa nia njema, kama haya yanaendana na dini yetu. Tuliwaomba maalimu wa chuoni wakae nasi, na la kwanza walilolitaja ni hadithi tunayoijua sote, ya Mtume (S.A.W.) kushindana mbio na Bi Aisha. Masharti yao ni stara na kuchunga nyakati za sala. Hijabu nayo si kizuizi tena hata kwa wakubwa wa mpira: tangu Machi 2014 sheria za soka zinaruhusu kichwa kufunikwa, na mwaka 2023 Nouhaila Benzina wa Moroko alicheza Kombe la Dunia la Wanawake kule Australia akiwa na hijabu yake, na Moroko wakaifunga Korea Kusini 1-0. Kwa hiyo tunachoomba ndicho hicho hicho walichokitaka maalimu. Ukuta ni stara. Choo ni stara. Maji ni ya kunawa, ya kunywa na ya udhu, ili magharibi ikiingia watoto wasali kwa jamaa kisha ndiyo waende makwao.

Tuna deni jengine kwa kiwanja hiki, na wenye umri wanalijua. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 siasa za vyama zilitugawa, tukafika mahali mtu hanunui dukani kwa jirani yake, harusi hazialikani, hata maziko watu wakachaguana. Timu nayo iligawika, tusijisifu. Lakini ndiyo iliyokuwa ya mwanzo kurudi pamoja, na sababu yake ni ya kuchekesha: kila upande ulihesabu wachezaji wake ukakuta hawafiki kumi na mmoja. Walianza kucheza pamoja kabla ya baba zao kuamkiana. Siasa zitakuja tena na zitapita tena. Tungependa vijana wa leo wawe na mahali pa kuhitajiana.

Mwezi wa Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lililetwa Gombani, Chake Chake, na tulikwenda, gari zimejaa hadi milangoni. Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali, na usiku ule Pemba haikulala. Agosti ya mwaka huo huo mechi za CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zikachezwa Amaan, Unguja. Ni fahari kubwa. Ila mtoto wa miaka kumi na mbili hachezi Gombani wala Amaan. Anacheza pale anapoweza kufika kwa miguu na kurudi kabla ya giza, na anapoishi ni hapa.

Hesabu ni hizi. Fundi ametupa makisio ya shilingi 14,600,000 kwa kazi yote: msingi na ukuta wa barabarani, vyoo viwili na karo lake la maji machafu, chumba cha kubadilishia nguo, milango yenye makomeo ya ndani, mabati, tangi la lita 2,000 na mabomba yake. Mkononi tuna 3,850,000, na sehemu kubwa imetoka kwa kina mama wa kikoba, ambao hawakusubiri kuandikiwa barua. Zimebaki 10,750,000. Matofali yanayohitajika ni 1,800, na tofali moja hadi lifike kiwanjani ni shilingi 2,000. Atakayetoa 20,000 ametoa matofali kumi, na ndivyo tutakavyoandika kwenye daftari. Mchanga umetusumbua kidogo, maana siku hizi hauchimbwi ovyo na unataka kibali. Kibali tumekiomba kwa njia halali, na ambaye angetaka kutuletea wa njia nyengine tunamshukuru, asilete.

Kazi ikimalizika, Jumatano na Jumamosi kiwanja kitakuwa cha watoto wa kike peke yao, wakiwa na mwalimu wao na mama mmoja wa zamu. Siku hizo wavulana, na makocha wa kiume pia, watatafuta shughuli nyengine. Tumeshakubaliana nao. Walinuna siku moja, basi.

Harambee itafanyika kiwanjani Jumapili ya mwisho wa mwezi huu baada ya sala ya alasiri. Kutakuwa na mechi ya maveterani dhidi ya vijana, ambayo maveterani wanasema watashinda kama kawaida yao, na baada yake nage ya wasichana, kina mama tu watazamaji, ndani ya uwanja wa skuli ambao mwalimu mkuu ametupa kwa siku hiyo. Kahawa na kashata zipo.

Asiyeweza kufika atoe kwa mshika fedha wetu au ofisini kwa sheha. Hakikisheni mnapewa risiti yenye muhuri wa kamati, na mtu yeyote akija kuchangisha kwa jina letu bila ya kitabu cha risiti msimpe. Mlioko nje kusanyeni pamoja mumtume mmoja wenu, ada ya kutuma ipungue. Na msiokuwa na pesa kwa sasa, msingi unachimbwa Jumamosi inayofuata kuanzia saa moja asubuhi: majembe tunayo manne, tunahitaji kumi, na mikono ya kuyashika. Hesabu ya kila shilingi itabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya sheha kila Ijumaa mpaka bati la mwisho lipigwe msumari.

Wabillahi taufiq,
Kamati ya Michezo ya Shehia
Mkoa wa Kaskazini Pemba